Sol Kumi na Moja za Mwisho

Yaya Zakaria, kaka yangu mkubwa,

Naanza na habari yenyewe, maana hukupenda mtu azunguke. Kipande chako cha piano hakikumalizika. Sehemu ya kwanza ilipigwa yote, ya pili ilikatika njiani, ya tatu haikuguswa. Ilikuwa Jumapili iliyopita, saa tisa alasiri, katika kanisa letu la kando ya ziwa, watu wamejaa kwenye mabenchi na wengine wamesimama madirishani. Nilikuahidi ukiwa kitandani kwamba kitasikika chote, mwanzo hadi mwisho, walau mara moja, kwenye piano yako. Sikutimiza. Nakueleza ilivyokuwa, kwa mfuatano wake.

Ni miezi mitano tangu tukuzike. Nyumba ya Mulongwe iko kama ulivyoiacha, ila nimefunga madirisha ya chumba chako kwa sababu ya vumbi la barabara. Miwani yako iko juu ya redio. Bahati, yule mwenye pikipiki aliyekuwa akikubeba kila Jumamosi kwenda kukaza nyaya za piano, bado anapita saa moja asubuhi, anapiga honi mara moja, anaondoka. Siku moja nilitoka nikamwambia kwamba hayupo tena wa kubebwa. Akajibu, "Minye najua, mama. Ni pikipiki ndiyo haijajua." Sikumwambia tena.

Habari kubwa ni ziwa. Maji yamefika ngazi ya tatu ya kanisa na hayarudi nyuma. Wazee wa kanisa walikaa, wakaamua kubomoa na kujenga upya juu, karibu na mlima. Mabati, mbao na mabenchi vitahamishwa. Piano haitahamishwa. Fundi seremala alikuja kuipima. Alisukuma ubao wa chini kwa kidole gumba na kidole kikaingia ndani kama kwenye mkate. Akasema, "Hii ukiisogeza kidogo tu, inakwenda chini." Kwa hiyo tarehe ya onyesho haikuchaguliwa na mtu. Ilikuwa Jumapili ya mwisho kabla mafundi hawajapanda juu ya paa.

Unajua piano yako kuliko mimi, lakini acha niiandike, kwa sababu naona hapa Uvira imebaki midomo michache ya kuisimulia. Ilivuka ziwa kutoka Kigoma ikiwa imefungwa kwa blanketi, ikashushwa bandarini Kalundu, ikabebwa na watu hadi kanisani. Yule dada wa misheni akakufundisha ukiwa na miaka tisa. Mimi nilikuwa na sita. Alinijaribu wiki mbili akanirudisha kwa mama. Wewe uliendelea. Ukawa mwalimu wa shule ya msingi wa kulipwa chaki, na mpiga piano wa kulipwa amina.

Mwaka ule maji yalipoingia kanisani mara ya kwanza, piano ilisimama majini siku nne. Ulipoiinua juu ya matofali, ulikuta imevimba. Uliyang'oa yale mabonyezo yote, ambayo tangu utoto tuliyaita meno, ukayaanika uani kwetu juu ya bati, kila moja na namba yake ya kalamu, na mimi nikafukuza kuku mchana kutwa. Nyaya nyingi za katikati zilikuwa zimekatika. Nyaya za piano haziuzwi sokoni. Ulijaribu waya wa breki ya baiskeli, nao waya ukalia kama mbuzi. Mwisho ukafanya uamuzi: ulitoa nyaya nzima za jino moja, ile noti ya sol ya katikati, ukazigawa kwa meno mengine. Jino la sol ukalirudisha mahali pake. Ukilibonyeza linagonga mti tu, tok, kisha basi.

Tangu siku hiyo uliimba wewe. Mwanafunzi akipiga na kufika kwenye sol, wewe uliyekaa pembeni kwenye kigoda ulitoa ile noti kwa mdomo, fupi au ndefu kama ilivyoandikwa, halafu ukanyamaza. Ukiulizwa ulijigusa kifua, ukasema, "Minye ndiyo waya yake." Nilikuja siku moja na kinasa sauti cha redio ninakosoma habari, kufanya habari juu yako, nikadhani nitacheka. Sikucheka. Baada ya dakika mbili sikio langu halikutofautisha tena ni ipi inatoka kwenye mbao na ipi inatoka kwako.

Ndiyo maana ulitafuta miaka yote kipande kinachopita mbali na jino lile. Ulikipata kwenye sanduku la yule dada wa misheni: sehemu tatu, ya haraka, ya polepole, ya haraka tena, cha Mjerumani wa zamani ambaye hakujua kwamba Uvira ipo. Ulizungushia kila sol ya katikati kalamu nyekundu. Kumi na nne katika sehemu ya kwanza, sita katika ya pili, kumi na moja katika ya tatu. Ukamfundisha Furaha, binti yako. Lakini hukumwacha akipige chote hata siku moja. Ulimkatiza kila mara: kidole hiki, polepole, rudia. Kitandani ulisema hilo ndilo lilikusumbua. "Sijakisikia kizima. Nilikuwa fundi tu, sikuwa msikilizaji." Halafu ukanitazama. "Feza, utaimba weye. Sauti yako ni ya kusomea habari, haiko ya kuimbia Mungu. Lakini ni noti moja tu." Nikakubali. Ulikufa siku tatu baadaye, asubuhi, mvua ikiwa imekatika.

Kwenye mazishi yako kuna jambo moja nataka ulishike, kwa sababu litarudi. Mama Veronika, kiongozi wa kwaya ya akina mama, alianzisha wimbo kaburini. Katika ubeti wa pili sauti yake ilikatika. Wanawake wakaipokea pale pale ilipokatikia, wakaishika, hadi yeye alipokaa chini kwenye mkeka. Alipokaa wakaiacha. Ndivyo tunavyofanya hapa, umeliona mara mia: sauti ya mtu haiachwi ianguke, na anayelia akikaa ndiyo alama kwamba amepumzika. Niliona kwa macho yangu. Nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwake.

Furaha alipata ruhusa ya siku nne kazini. Bado ni muuguzi kule Lemera. Hana piano huko, anajizoeza juu ya meza ya chumba wanachokaa wauguzi, vidole kwenye mbao tupu, na wenzake wanamtania: "Mademoiselle anakanda mukate bila unga!" Alishuka Alhamisi, akaja moja kwa moja kanisani na begi mgongoni, akafungua piano. Tulijizoeza Ijumaa na Jumamosi. Fundi wa mitambo wa redio yetu alipoona ninavyohangaika na noti moja, alinishauri tuchukue sauti yako kwenye ule mkanda wa zamani, aitoe kwenye spika kila sol inapofika. Kwa kazi yake lilikuwa wazo zuri. Nilikataa. Ulikuwa unasema muntu akiisha kwenda aachwe apumzike, na mimi sikutaka kukupa zamu.

Jambo moja nilibadilisha. Wewe uliimba umekaa. Mimi siwezi, nikikaa hewa haipiti. Hata habari nazisoma nimesimama, miaka thelathini sasa. Kwa hiyo kigoda chako kilibaki tupu nyuma yangu.

Jumapili. Mchungaji alifungua kwa sala, akasema maneno machache juu yako, yote ya kweli. Ziwa lilikuwa limetulia, lakini maji yalisikika chini ya sakafu. Furaha alivaa lile gauni la kijani ulilolipenda. Alikaa, akafuta mikono kwenye magoti, akaanza.

Sol ya kwanza niliikosa. Nilikuwa namtazama mikono yake badala ya karatasi. Jino likagonga, tok, na mtu mmoja nyuma akakohoa. Ya pili nilifika. Ya tatu pia. Hadi mwisho wa sehemu ya kwanza niliimba kumi na tatu. Hazikuwa nzuri, zilikuwa mahali pake. Watu walipiga makofi na vigelegele, Furaha akangoja hadi wakaisha, kama ulivyomfundisha.

Sehemu ya pili ndiyo ile ya polepole. Sol tatu za kwanza zilitoka. Kabla ya ya nne kuna mahali mkono wa kulia unabaki peke yake. Pale wewe ulikuwa unavuta pumzi kwa pua, kwa nguvu, kila mara, na nilikuwa nakusema kwamba mtu atadhani una mafua. Furaha alipofika hapo alivuta pumzi kwa pua. Vilevile. Sidhani alijua.

Jino likagonga na mimi sikutoa kitu. Sikulia, yaya. Sauti ilikatika tu, kama maji kwenye bomba. Furaha hakusimama, alisonga mbele. Sol ya tano ikafika. Tok. Kimya.

Ndipo Mama Veronika, kwenye benchi la pili, akaitoa. Safi kabisa, mahali pake hasa, kama ulivyokuwa ukiitoa. Wanawake wa kwaya wakaipokea. Wanaume wakaingia chini yake. Kwa muda, labda pumzi mbili, ilikuwa nzuri kiasi kwamba nilitaka ungeisikia. Lakini hawakuiacha. Muziki ulikuwa umeshapita na wao bado wako kwenye sol, wakaipa sauti ya pili, ya tatu, mtu akaanza kupiga ngoma taratibu kama tunavyopiga msibani. Furaha alipiga vipimo vichache ndani ya kelele ile, mimi nikaona vidole vyake vinakwenda na sisikii chochote. Kisha akaweka mikono mapajani. Wakaendelea. Mimi nilibaki nimeshika karatasi yako na kutazama zile duara nyekundu. Mwisho mchungaji alisimama, akainua mikono, akafunga kwa sala.

Watu walikuja kutukumbatia. Walifurahi. "Piano ya Mwalimu inalia vizuri!" "Mungu alishuka leo!" Hakuna aliyejua kwamba imebaki sehemu nzima. Furaha alifunga kifuniko, akashukuru kila mtu kwa adabu. Njiani kurudi nyumbani aliniambia neno moja tu: "Kumi na moja." Nilielewa.

Jumatatu saa kumi na mbili na nusu asubuhi nilisoma habari kama kawaida. Nilisema hivi, naiandika kama nilivyoisoma: "Onyesho la piano katika kanisa la kando ya ziwa halikufika mwisho. Waamini waliingilia kwa wimbo katikati ya sehemu ya pili na hawakunyamaza." Sentensi mbili. Kila neno lilikuwa sahihi, na niliridhika nazo.

Saa mbili Mama Veronika alikuwa mlangoni kwetu, beseni la samaki wa ndagala kichwani, yuko njiani kwenda sokoni. Nilimkaribisha. Hakutua beseni. Mtu anayekuja kwako asitue mzigo hakuja kusalimia.

"Nimesikia redio," akasema. "Ati hatukunyamaza. Feza, weye ndiye haukukaa!"

Nilimsogezea kiti, naye akaendelea amesimama.

"Kule kaburini minye sauti ilikatika, wakaipokea, nikakaa, wakaiacha. Jana sauti yako ilikatika, tukaipokea. Weye ukasimama kama nguzo! Bamama wanakuangalia miguu, wanasema sasa ataikala, sasa ataikala. Kigoda kiko pale nyuma yako. Tulikungojea mpaka koo zikauma. Ulitaka tukuachilie uanguke mbele ya batu?"

Halafu akaongeza kwa sauti ya chini kwamba kama kulikuwa na muziki mwingine uliobaki, mbona hakuna aliyewaambia. Wangekuja tena. Wangejifunza. "Utuonyeshe fasi ya kunyamaza, tutanyamaza. Sisi ni wakwaya, hatuko bangamia."

Yaya, mimi ni mwenyeji wa hapa. Nimezaliwa mita mia tatu kutoka kanisa lile. Nimeripoti mazishi mengi kuliko mchungaji yeyote wa mji huu. Nilisimama kaburini kwako nikaliona jambo lile lile likifanyika na kumalizika vizuri. Na Jumapili nilipokuwa mimi, nilidhani watu hawana masikio.

Tulikwenda kanisani pamoja, mimi, Mama Veronika na Furaha, tukitumaini kuomba siku moja zaidi. Mafundi walikuwa wameshapanda. Upande mmoja wa paa ulikuwa wazi na jua linaingia kwenye mimbari. Mtu alikuwa ameamua kusogeza piano ili misumari isiiangukie, alitaka kuitunza. Tulikuwa mlangoni mguu wa kushoto wa piano ulipoingia ndani ya ubao wake wa chini. Ilikwenda chini polepole, kisha kwa haraka. Ililia sauti zake zote kwa mara moja, isipokuwa ile moja.

Mama Veronika alitua beseni hapo.

Saa sita na nusu nilisoma habari ya mchana. Nilirekebisha ile ya asubuhi: mtangazaji alikosea, waamini hawakuharibu onyesho, walikuwa wanamshikia mtu sauti, na mtu huyo hakukaa, mtu huyo ni mimi. Mhariri wangu alisema haikuwa lazima kujitaja. Ilikuwa lazima.

Furaha alikuwa aondoke Jumanne asubuhi, kwa gari hadi Luberizi, halafu pikipiki kupanda Lemera. Kabla hajaondoka tulikunywa chai. Begi lake lilikuwa tayari mlangoni. Nilipoondoa vikombe, alifuta meza kwa kiganja, akavuta kiti karibu, akaniambia, "Tanti, chukua karatasi."

Alipiga sehemu ya tatu juu ya meza yetu ya kulia. Ni meza ile ile uliyosahihishia madaftari. Hakukuwa na sauti yoyote, ila kucha zake kwenye mbao na magari ya barabarani. Nilisimama nyuma ya bega lake na karatasi yako, nikifuata vidole. Kwenye kila duara nyekundu niliimba. Kanisani piano ilikuwa na kila kitu isipokuwa sol. Mezani hakukuwa na kitu isipokuwa sol. Ya kwanza ilitoka. Ya pili. Ya tano nilichelewa kidogo, akanitazama kwa pembe ya jicho kama ulivyokuwa ukinitazama. Ya tisa, ya kumi. Ya kumi na moja ndiyo ndefu, ndiyo ya mwisho wa kipande, ulikuwa umeizungushia mara mbili. Niliitoa nikaishika. Niliona mikono yake imetoka juu ya meza, imekaa mapajani, na bado niliishika. Nilijua imepita. Nilishindwa kuiacha.

Furaha aligeuka, akavuta kiti cha pili kwa mguu.

"Ikala, tanti," akasema. "Imeisha."

Nikakaa.

Sasa unajua yote. Kilifika mwisho hatimaye, lakini vipande vipande, mahali pawili, bila ule mwisho wa sehemu ya pili, na sehemu ya tatu kwa mtu mmoja anayesoma vidole. Siwezi kuiita ahadi iliyotimia. Jino la sol nililitoa kwenye mabaki kabla hawajayabeba. Liko mbele yangu ninapoandika, na namba yako ya kalamu bado inasomeka chini yake.

Pumzika na nyaya zako, yaya, usizikaze tena. Kila mwaka mvua zikikatika nitapanda Lemera, kwenye ile meza wanayomtania nayo mtoto wako, tutapiga sehemu zote tatu. Nitaimba zote thelathini na moja nikiwa nimesimama. Na nikifika kwenye ile yenye duara mbili, nakuahidi, nitakaa bila kuambiwa.

Mdogo wako,
Feza